Shamba la Dirishani

"Jumamosi nakuja Geita," baba alisema kwenye simu. "Nataka nilione shamba la huyo kijana." Kisha akakata. Nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, nikijua kwamba shimo nimelichimba mwenyewe na sasa naambiwa niingie.

Kosa lilikuwa langu. Wiki mbili nyuma aliniuliza swali ambalo kwetu Usukumani mzazi huliuliza kabla hajauliza dini wala kabila: "Analima?" Nami kwa kiherehere changu nikajibu, "Analima, baba, tena analima vizuri." Sikusema uongo. Ila sikusema kwamba shamba lenyewe lina upana wa dirisha la sebule yangu, ghorofa ya tatu, na kwamba halina hata chembe ya udongo.

Baba yangu, Mzee Mabula, amelima tangu hajaota ndevu. Kwake yeye mwanaume, ngosha kwa Kisukuma chetu, ni ardhi aliyoifungua na ng'ombe aliowafuga, mengine ni maneno ya redioni. Huyo kijana wangu, Valerian, ni Mzinza, mtoto wa mvuvi wa Nkome, fundi pampu. Ng'ombe hana. Shamba hana. Na kule nyumbani, karibu na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, kuna Thobias, mtoto wa jirani yetu, mwenye zizi linalojaa na mashamba ya mpunga, ambaye wazazi wake walikuwa wameshaleta maneno na kuambiwa wasubiri. Walikuwa wanasubiri jibu la Jumamosi hiyo.

Kutoroka na mwanaume sikutaka. Wapo dada zetu waliofanya hivyo na wanaishi, lakini mimi ndiye kitinda mimba wa Mzee Mabula, aliyeuza mpaka dume lake la kulimia ili nimalize chuo cha kilimo. Nilimtaka Valerian, na nilimtaka baba akiwa radhi. Vyote viwili. Ukiona ni tamaa, basi nina tamaa.

Valerian nilimjua dukani. Nauza mbegu na mbolea katika duka moja la pembejeo pale mjini, na wateja wangu hununua kwa mfuko. Siku moja akaingia kijana mrefu, mikono ina grisi, akaomba mbolea ya kuyeyusha kwenye maji, robo kilo.

"Robo kilo?" nikamuuliza. "Unalimia sisimizi?"

"Nina ndoo moja," akajibu. "Nataka kuona mchicha unaweza kukaa kwenye maji siku ngapi bila kulalamika."

Nilicheka mpaka mteja wa nyuma yake akakasirika. Yeye hakucheka, alinitazama tu kwa utulivu, kama fundi anayesikiliza injini ili ajue inasema nini. Nikampimia robo kilo yake. Wiki iliyofuata akarudi kuchukua robo nyingine, na wiki iliyofuata tena, na nikajua kuwa mchicha haunywi mbolea kiasi hicho.

Tulipozoeana nilimwambia siri yangu ndogo: kwamba mboga za mjini hapa naziogopa. Baba alinilea hivyo. Mboga ikiota kwenye kijito kinachotoka machimboni haingii kwenye chungu chetu, na sokoni hakuna anayekuambia imeota wapi. Nikamwambia pia kwamba ninaikumbuka mgagani ya mama, ile mboga chungu iliyopikwa kwa maziwa. Nilisema kama mtu anavyosema mambo ya kwao.

Jumapili iliyofuata alibisha hodi amebeba mabomba ya plastiki begani. Alichukua kopo tupu la nyanya, akalipasha kwenye jiko la mkaa hadi likawa jekundu, akalibana kwa koleo na kutoboa nalo mabomba, tundu baada ya tundu, yote sawasawa. Akayafunga kwenye nondo za dirisha, manne, moja juu ya jingine, kila moja limeinama kidogo upande wake. Chini akaweka pipa la bluu lenye mfuniko, na ndani yake pampu ndogo ya sola. Maji yalipanda kwa mpira hadi bomba la juu, yakashuka taratibu yakizunguka yote manne, yakarudi pipani. Kwenye kila tundu tuliweka kikopo cha mtindi kilichotobolewa kitako, tukajaza kokoto na mkaa uliopondwa, na katikati kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chenye mbegu. Mbolea niliipima mimi. Hiyo ilikuwa kazi yangu na sikukubali aiguse.

Siku ya tisa akaniita. "Njoo uone." Akainua kikopo kimoja kwa vidole viwili, na chini yake ikaning'inia mizizi myeupe, myembamba kuliko uzi wa cherehani, inadondosha maji. Mimi ni mtu wa cheti cha kilimo, mizizi nimeichora kwenye mitihani. Lakini pale nilishika mdomo. Nilijiona nimefunuliwa kitu ambacho mmea humficha kila mtu. Valerian hakuwa anaitazama mizizi. Alikuwa ananitazama mimi. Siku hiyo ndiyo aliyoniambia kwamba ananipenda, na mimi nikamwambia amechelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kabla yake.

Basi, Jumamosi ikafika.

Baba alipanda ngazi za ghorofa tatu kwa fimbo, akipumzika kila kona. Nilimpokea mfuko, ukawa mzito. Ndani kulikuwa na michembe ya mama, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, na chini kabisa, zimefungwa kwenye gazeti, gambuti zake za mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Watu wa mjini mnaishi juu huku kama kunguru." Akakaa, akavuta pumzi, akamtazama Valerian aliyekuwa amesimama karibu na jiko, mikono mbele.

"Shikamoo, baba," Valerian akainama.

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Haya." Baba akanywa maji nusu glasi, akaanza kuvua viatu. "Lete gambuti zangu, Apolonia. Twende kabla jua halijawa kali. Shamba liko mbali?"

Nilimpa gambuti, nikitamani ghorofa imeze miguu yangu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwa maneno mazuri, na yote yakanikimbia. Valerian ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ileile ya siku zote.

"Halihitaji gambuti, baba. Liko hapa." Akaenda dirishani, akavuta pazia.

Jua la asubuhi likaingia kupitia majani. Yalikuwa ya kijani kiasi kwamba chumba kizima kilibadilika rangi. Mchicha, figiri, spinachi, na bomba la chini kabisa mgagani, imefika kimo cha mtoto anayeanza kutembea, na maua yake meupe. Maji yalikuwa yanasikika yakitembea. Nilikuwa nikiliona dirisha lile kila siku na bado liliniduwaza. Nikamtazama baba, nikitumaini.

Baba alisimama na mguu mmoja ndani ya gambuti.

"Udongo uko wapi?"

"Hakuna udongo, baba. Mimea inakula kwenye maji."

"Nimepanda magari mawili kuja kuangalia mabomba?" Hakupaza sauti. Alimgeukia Valerian. "Kijana, umeona nimezeeka, ukaamua nichekeshe majirani?"

"Hapana, baba. Sogea uone."

Alisogea. Nadhani alisogea ili apate la kusema vizuri zaidi. Akaingiza kidole kwenye kikopo, kikatoka cheusi. Akakitazama.

"Hii nini?"

"Mkaa, baba. Umepondwa."

Macho ya baba yakaanza safari: kutoka kwenye kidole hadi kwenye mabomba, hadi kwenye mpira unaopanda, hadi pipa la bluu ambamo pampu ilikuwa inanguruma kidogo. Juu ya pipa kulikuwa na kopo la kakao nililohifadhia mbolea, limefunguka, unga mweupe unaonekana. Nikaiona sura yake inabadilika. Sura ile niliwahi kuiona mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na sita, siku tuliyokuta ng'ombe wetu sita wamelala pembeni ya bwawa la maji ya vati wasiamke.

"Kaboni," baba akasema.

Ndipo nilipoelewa. Kwetu hata mtoto anajua dhahabu inavyooshwa kwenye vati. Mchanga unalowekwa, maji yenye sumu ya unga mweupe yanazungushwa kwa pampu na mabomba, na dhahabu inanaswa na kaboni nyeusi. Pipa, mpira, pampu, unga mweupe, kaboni. Vyote vilikuwa dirishani kwangu. Nilikuwa nimekaa navyo miezi minne na sikuwahi kuvitazama kwa macho ya mtu aliyezika ng'ombe.

"Baba, siyo," nikaanza.

"Nyamaza kwanza, mayu. Kijana, kabla ya hapa ulifanya kazi wapi?"

Nilimwomba Mungu Valerian aseme popote pengine duniani.

"Mwakitolyo, baba. Kwenye mashimo ya maduara, nikivuta maji wachimbaji washuke."

"Na kwenye vati?"

Valerian alinitazama mara moja. Angeweza kukataa. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa tayari kumfichia.

"Miezi mitatu," akasema. "Nilikuwa natengeneza pampu zao. Niliacha siku nilipoanza kuokota ndege waliokufa kandokando ya bwawa. Nikaona mikono yangu inajua kazi nzuri kuliko hiyo."

"Kwa hiyo unaijua sumu."

"Naijua, baba. Ndiyo maana haimo humu. Huo mweupe ni mbolea, Apolonia anaiuza dukani."

"Basi chota," baba akasema, akionyesha pipa kwa fimbo. "Chota glasi moja unywe. Nikikuona umekunywa, nitakaa, tutaongea kama watu."

Nikamtazama Valerian na macho yangu yakamsihi: kunywa, mpenzi wangu, funda moja, tutatafuta dawa ya tumbo baadaye. Naona haya kukiri, maana mimi ndiye niliyesomea mambo ya mbolea.

"Sinywi, baba," akasema.

"Unaona, Apolonia?"

"Mbolea ni chakula cha mmea, si cha mtu. Hata ya shambani kwako huwezi kuikoroga ukanywa. Nikinywa hapa ili unikubali, utarudi nyumbani ukiamini kitu cha uongo juu yangu, na juu ya maji haya. Afadhali unikatae kwa kweli."

Baba alivuta mguu kutoka kwenye gambuti, akavaa kiatu chake polepole. "Apolonia, fungasha nguo zako. Hulali tena kwenye nyumba hii. Kwa kina Thobias wanasubiri jibu, na leo nimelipata."

"Siendi, baba."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Miaka ishirini na saba sikuwahi kumwambia hivyo.

"Unasemaje?"

"Nasema siendi. Unanijua. Ulinisomesha mwenyewe. Unadhani mimi ningekaa na sumu dirishani, niichume, niipike, nile?"

"Mapenzi yanakula zaidi ya sumu," akajibu. "Nimewaona wasomi wakipofuka." Akachukua fimbo na mfuko. Gambuti zake alizisahau sakafuni, na nikaona kwamba hana hasira. Alikuwa na hofu. Alikuwa anatoka pembeni ya bwawa lile kwa mara ya pili, na safari hii mnyama aliyelala alikuwa mimi.

Akageuka kuelekea mlangoni. Valerian hakumzuia, na kumzuia asingeweza. Hatua nne tu, na ningebaki na mmoja wao maisha yangu yote. Nililia bila kujificha. Sikuwa na hoja tena, kwa hiyo nikafanya kitu cha mtu aliyeishiwa: nikaenda bomba la chini, nikashika mgagani yangu kwa mikono miwili, nikainyanyua yote na kikopo chake.

"Baba, angalia basi. Angalia tu."

Aligeuka kwa sababu ya kilio changu, si kwa sababu ya mmea. Lakini mmea ndio alioukuta.

Mizizi ilikuwa imeshuka kuliko nilivyokumbuka. Ilinifika kutoka kifuani hadi chini ya magoti, mingi, myeupe pe, imetandaa kwenye mwanga wa dirisha, na kila ncha ilikuwa na tone lake la maji. Matone yalidondoka sakafuni moja baada ya jingine. Mimi mwenyewe nilinyamaza kulia.

Baba aliweka mfuko chini. Fimbo ikamponyoka, hakuiokota. Akaja polepole, akapiga magoti mbele yangu, mzee yule ambaye magoti yake yanamuuma, akaipokea ile mizizi kwenye viganja vyake viwili bila kuivuta.

"Inua juu kidogo, mayu," akasema kwa sauti ndogo. "Penye mwanga."

Nikainua. Aliifuata kwa kidole kimoja, kutoka shinani kwenda nchani, mzizi mmoja, kisha mwingine. Valerian naye akachuchumaa upande wa pili, akiwa ameshika ndoo chini ili maji yasilowanishe suruali ya baba.

"Miaka hamsini nalima," baba akasema, na hakuwa anatuambia sisi. "Mizizi naijua. Lakini nikiiona, nimeshang'oa. Ninachoona siku zote ni mmea niliouua. Huu unakunywa. Mimi nautazama, na wenyewe unakunywa."

Valerian akaisogeza ndoo chini ya matone.

"Sumu huanza na huku," akaendelea. "Kabla jani halijajua kitu, mzizi umeshakuwa kahawia, unateleza, unanuka. Nimeiona mihogo, nimeyaona mahindi karibu na bwawa lile." Akaileta mizizi puani, akafumba macho, akanusa. Kisha akakata ncha moja kwa kucha, akaitia mdomoni na kuitafuna. "Inanuka mvua," akasema. "Inanuka mvua ya kwanza."

"Baba," nikamwita.

Akamtazama Valerian. Tangu aingie alikuwa amemtazama kama mtu anayepima ng'ombe wa mnadani. Safari hii alimtazama usoni.

"Nani alikufundisha?"

"Nilijaribu kwenye ndoo yangu nyumbani, baba. Mgagani ya kwanza ilikufa yote. Ya pili ikafa nusu. Nilikuwa nimesikia kwamba Apolonia anaikumbuka sana."

"Ya pili ikafa nusu," baba akarudia, na nikaona mdomo wake unapigana na tabasamu. "Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Nami msimu wangu wa kwanza nilivuna magugu. Mama yake hajui mpaka leo." Akageuza mizizi tena viganjani. "Nikuulize jambo. Kwa nini hukunywa? Ungekunywa ungenipata mara moja."

Valerian alifikiri. "Ningekupata leo," akasema. "Mimi nakuhitaji siku nyingi."

Baba aliinamisha kichwa. Sijui alikuwa anatazama nini huko chini, lakini mabega yake, ambayo toka mlangoni yalikuwa yamepanda, yalishuka. Nilimtazama Valerian juu ya majani yale, naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Miaka yote ya kuvuta maji kutoka chini ya ardhi, na matone mawili ya machoni yakamshinda.

Simu ya baba ikaita mfukoni. Mikono yake ilikuwa imejaa mizizi, kwa hiyo nikamchomolea kwa mkono mmoja, nikabonyeza kipaza sauti, nikaishika karibu na mdomo wake. Sauti ya mama ikajaza chumba, maana mama huongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Baba Apolonia, umefika? Kimya kimya nini? Wazazi wa Thobias wako hapa uani, nimewapikia na wamekula, wanauliza. Shamba umeliona?"

"Nimeliona."

"Ni kubwa?"

Baba alitazama dirisha, akatazama mabomba manne, akarudi kwenye viganja vyake.

"Sina kipimo chake," akasema. "Nitakusimulia nikirudi, na hutaniamini. Waambie hao wageni wabeja, asante kwa kungoja. Waende nyumbani kwao kwa amani, wasingoje tena."

Mama akashusha sauti, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. "Una nini wewe? Sauti yako siyo. Uko na nani hapo?"

"Niko na mkwe wako," baba akasema. "Ngoja kwanza, mama, usikate. Tunaurudisha mmea kwenye maji, usije ukatukaukia."

Mkono wangu ulioshika simu ukaanguka pembeni. Valerian alibaki amechuchumaa na ndoo yake, hawezi kusimama, hawezi kusema, na baba akamgusa bega kwa kiganja kilicholowa.

"Shika huku, ngosha," akamwambia. "Pole pole. Mimi nitashika mizizi, wewe nionyeshe inapoingilia."